Bili ya ngiri imekuja na HIV 15,000 ndani yake, nani alinuliza?

BabaNasra_Mjini:
Asalaam aleykum wote. Nna suali na kidogo nna hasira, mnistahamilie.

Wiki ilopita nimekatwa ngiri kwenye hospitali moja ya binafsi hapa mjini Unguja, jina nalihifadhi maana nyuzi zao bado zimo tumboni kwangu na kuzitoa lazma nirudi kwao. Kazi wamefanya vizuri, sina neno. Siku ya kutoka mama Nasra kenda dirishani kulipa karudi na karatasi, tukaisoma mstari kwa mstari, kumuona daktari, picha ya damu, sukari, mkojo, ganzi, chumba, halafu pale katikati kama mtu kajificha nyuma ya mlango: HIV 15,000. Mama Nasra kaniangalia. Na mie nikamuangalia yeye. Wallahi hakuna aliyenambia kwamba katika ile damu walochukua kuna na kipimo hicho, hakuna alouliza, na jawabu lake sikupewa mpaka nilipokwenda mwenyewe, kijana wa kaunta kanijibu "aa mzee wangu hilo liko safi, ungekuwa nalo ungeitwa". Ungeitwa! Na watu sita nyuma yangu kwenye foleni.

Kwanza naelewa kwamba kituo cha serikali kipimo hichi ni bure, mie mwenyewe nilipima bure kabla ya kumuoa mama Nasra. Sasa hiyo 15,000 ni ya nini khasa? Na jengine, kuna haja gani ya kumpima kila mtu anaeingia spitali hapa kwetu Zanzibar, ambapo sote tunajua walo nayo ni wachache? Sisemi mtu asipime. Nasema nani analipa na analipia nini. Wenye fani nijuzeni.

kipanga_jangombe:
Pole na ngiri mzee. Ila umesema mama Nasra kakuangalia, hapo umepita mbio mbio, hebu rudi hapo kwanza 😂

BabaNasra_Mjini:
Kipanga huna adabu. Jawabu safi, mama Nasra kaliona, tuendelee.

Labu_Wete:
W/salaam baba Nasra, pole. Mie niko maabara, miaka 11 sasa, Pemba na kabla yake Unguja, ntakujibu la pesa maana ndo nalolijua.

Kile kikadi chenyewe, kile cha kutobolewa kidole na kudonyoa tone, kwa bei ya jumla wanayonunulia serikali na wafadhili ni kama dola moja, kuna vinavyoshuka chini ya hapo. Tuseme shilingi 2,500. Hapo weka glavu, spiriti, pamba, lanseti, boksi la kutupia sindano na mafuta ya kuichomea takataka ile. Bado hatujafika 5,000. Sasa njoo kwenye gharama ambayo watu hawaioni. Vikadi vile havitaki joto, vingi mwisho nyuzi 30, na nyinyi mnaijua Kaskazi ya mwezi wa pili ilivyo, kwa hiyo stoo iwe na kiyoyozi, na kiyoyozi kiwe na umeme, na umeme ukikatika kuwe na jenereta. Halafu kuna muda wangu mie. Kipimo cha mwanzo tunachotumia zaidi, Bioline, unasubiri dakika 10 na isizidi 20, ukenda kunywa chai ukarudi dakika ya 30 hicho si cha kusoma tena, tupa ufanye upya. Na muda wa mshauri, yule anaekaa na mtu kabla na baada. Ukijumlisha muda wa watu, kikadi ndo kitu rahisi kuliko vyote.

Kwa hiyo spitali ya binafsi ikilipisha 15,000 siwezi kusema moja kwa moja wamekuibia, wana mishahara ya kulipa. Nnalolisema ni hili: kama vikadi wamepewa na serikali kupitia programu ya ukimwi basi kuviuza ni makosa, na kama wamenunua wenyewe basi wakulipishe kwa kazi walofanya. Na wewe kazi hawakuifanya! Ushauri hukupewa, jawabu umepewa kaunta. Umelipia biriani umeletewa wali mtupu.

nesi_mstaafu_Mwera:
Labu_Wete umenena mwanangu. Mie niongeze moja kuhusu upasuaji kwa sababu nimekaa tieta miaka mingi. Watawambia "tunapima ili tuwalinde wafanyakazi". Si kweli hiyo, au tuseme ni kweli nusu. Tulivyofundishwa ni kila mgonjwa umchukulie kama anao, HIV, homa ya ini, yote, glavu mbili, miwani, sindano usiifunike tena na kifuniko chake. Kwa sababu mtu alopata wiki tatu zilopita kikadi kinaweza kisimuone, kuna kipindi kile cha mpaka miezi mitatu. Ukitegemea kikadi ndo ukakaa bila tahadhari umejichimbia kaburi. Na ukijichoma kuna dawa za kinga unaanza upesi, isipite saa 72. Na homa ya ini ndo inaambukiza kwa sindano kuliko HIV kwa mbali sana lakini mbona hiyo sioni kwenye bili ya baba Nasra?

Na ridhaa baba, ridhaa haina mjadala. Daktari anaruhusiwa kukuanza, akwambie "mzee kwenye vipimo vyako tunaweka na HIV, unaridhia?" Ukisema sitaki, unakatwa ngiri yako vile vile. Kukuanza ni sawa. Kukuibia tone si sawa.

Sauti_ya_Micheweni:
Mie naona mnalea. Mtu akiugua apimwe, akioa apimwe, akiingia bandarini kutoka bara apimwe, akikataa arudi alikotoka. Nchi ndogo hii tungeshamaliza zamani. Mambo ya ridhaa ndo yanotumaliza.

kipanga_jangombe:
Na wewe ukishuka bandarini Malindi na boti ya asubuhi kutoka Pemba tukupime au wewe unapita VIP?

Labu_Wete:
Sauti, usikasirike, hebu tupige hesabu pamoja, hesabu ya dukani tu.

Chukua watu 10,000, wa kawaida, wa sokoni Mwanakwerekwe, wa Darajani, wa huko kwenu Micheweni. Zanzibar tangu walipogunduliwa wa mwanzo 1986 hatujawahi kufika asilimia 1 kwa watu kwa jumla, namba inayotajwa sana ni 0.4. Tanzania nzima uchunguzi wa 2022 na 2023 umetoa 4.4 kwa watu wazima. Kwa hiyo katika elfu kumi zako wenye virusi kweli ni 40, wengine 9,960 hawana. Sasa kikadi hata kiwe kizuri vipi kinakosea. Shirika la Afya Duniani, WHO, haliidhinishi kikadi ambacho kwa watu 100 wasokuwa nao kinawapa watu zaidi ya 2 mstari wa uongo, yaani mstari wa pili unaosema wanao. Mie nakupa kizuri zaidi, kinachokosea 1 kwa 100. Katika wale 9,960 kitakupa mistari ya uongo kama 100.

Umeiona? Arubaini wa kweli, mia wa uongo. Watu 140 wametokwa na mistari miwili na katika wao 100 hawana chochote. Kule ambapo wenye virusi ni wengi hesabu inageuka, wa kweli wanawazidi wa uongo. Hapa kwetu kwa sababu wagonjwa wachache, mstari wa mwanzo mara nyingi ni uongo. Ndo maana hatuachii hapo, tunarudia na kipimo cha aina nyengine, Unigold, wale mia wanabaki kama mmoja. Na kwa sehemu za wachache kama sisi WHO siku zote wanasema kipimo cha tatu kabla hujamtamkia mtu, na kuanzia 2019 wamesema tatu kwa kila nchi. Na kabla ya kuanza dawa unampima tena upya.

Hiyo yote ni pesa, Sauti. Ukipima kila mtu bandarini hununui kikadi kimoja kimoja. Unanunua na vya kuwasafisha wale mia, na washauri wa kuwakalisha chini wasijirushe baharini kabla ya jawabu la pili. Na nani atakaemsimamia yule mtu akishaonekana na jirani yake anaitwa pembeni? Mistari miwili ya uongo inasafiri kwa haraka kuliko boti.

BiShuu_2012:
Assalamu aleykum, mie si mchangiaji sana lakini hapo pa Labu_Wete pamenigusa moyo.

Mie ni mmoja katika hao mia. Mimba yangu ya pili, mwezi wa nne, nimekwenda kliniki ya akina mama kama kawaida, wanatupima sote na sikatai jambo hilo, nesi katutangazia sote barazani kwamba leo kuna kipimo hichi na hichi anaetaka kuuliza aulize. Vizuri kabisa. Kidole changu kikatobolewa, nikaambiwa subiri nje. Wenzangu wanaitwa wanatoka na kadi zao. Mie siitwi. Alonifuata kaitwa, wa baada yake kaitwa. Nikajua. Nikaitwa chumba cha ndani mlango ukafungwa, dada akanambia kipimo cha kwanza kimeonyesha kitu, cha pili hakikuonyesha, haturuhusiwi kukwambia unao wala huna, urudi baada ya siku 14.

Siku 14. Sikuwa na wa kumwambia. Mume wangu nikimuangalia akila nafikiri ni yeye kaniletea, halafu nafikiri yeye atafikiri ni mie. Mtoto wangu mkubwa nikimpikia uji nalia kwenye moshi ili nisingizie moshi. Usiku nasali tahajudi, mchana nasoma kwenye simu na simu haikusaidii kitu. Siku ya 14 nikapanda gari ya shamba alfajiri, nikapimwa tena, hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa. Yule dada akanambia mimba yenyewe wakati mwengine inachanganya vipimo.

Nauli kwenda na kurudi mara mbili na siku mbili za biashara yangu ya vitumbua, hiyo naweza kukupigia hesabu baba Nasra. Siku 14 sijui nikuandikie shilingi ngapi.

Lakini nisieleweke vibaya. Wasiache kuwapima wajawazito. Mwenzangu mmoja pale kliniki alitoka na majibu ya kweli, kaanzishiwa dawa, kazaa, mtoto hana. Kwangu nataka kitu kimoja tu, yule dada angenambia siku ile ya kwanza hesabu hii ya mia na arubaini. Angenichorea hata kwenye mchanga.

nesi_mstaafu_Mwera:
Pole sana Bi Shuu mwanangu. Na kwa wasomaji wengine, hilo la wajawazito ndo mahali ambapo pesa haipotei. Mama asiyetumia dawa, kuanzia watoto 15 mpaka 45 katika 100 wanaambukizwa, akitumia dawa inashuka chini ya 5. Siku hizi kuna kikadi kimoja kinachoangalia HIV na kaswende kwa tone moja la damu, kaswende nayo inaua watoto tumboni na sindano ya kuitibu ni rahisi. Akitokea mtu kuniambia kliniki ya wajawazito tubane matumizi ntamfukuza na fagio.

mkarafuu_mkavu:
Naona hapa mnaelekea kusema tusipime pime ovyo, na mie nakubali nusu, sasa sikilizeni upande wa pili.

Ami yangu, mtu wa Pemba, mtu wa msikiti, anaadhini, ndevu nyeupe, kila mtu anamuamkia shikamoo. Akaanza kukonda. Kituo cha karibu wakampa dawa za malaria. Hakupona wakampa za taifodi. Akatokwa na mkanda wa jeshi, wote tunaujua ule, upele wa upande mmoja unaounguza, bibi akampaka dawa za miti shamba na pale pale kituoni wakampa mafuta ya kupaka. Mdomoni utando mweupe, akaambiwa vidonda vya tumbo. Mwaka mzima na zaidi. Akakodisha mikarafuu yake, msimu mzima wa miti kumi na kitu kaipa mtu kwa pesa ya haraka, akavuka Unguja, kwenye spitali ya pesa akafanyiwa picha za kila aina, hawakuona kitu, akavuka Dar kakaa kwa mtoto wake Mbagala, boti, teksi, maulizo ya madaktari, mie mwenyewe nilituma mara tatu. Huko Dar kuna daktari kijana, wallahi mdogo kuliko mtoto wake wa mwisho, kamuangalia mdomo, kamuangalia alama za mkanda wa jeshi mbavuni, kamwambia "Mzee wangu, umeshapima HIV?" Ami kasema hapana, hakuna alowahi kuniuliza.

Hakuna alowahi kumuuliza! Madaktari saba, kwa hesabu yangu. Kwa sababu ya kofia na ndevu. Walimuonea haya. Kipimo kile kilikuwa bure, na baada yake dawa bure. Sasa kanenepa, mwaka jana kachuma karafuu juu ya mti mwenyewe na umri ule, tunamgombeza ashuke. Wake zake wote walipimwa, mkubwa hana, mdogo anao na ameshaanza dawa mapema hata hakuwahi kuumwa.

Kwa hiyo mkinambia gharama, mie nakwambieni gharama ya kutopima ilikuwa msimu wa mikarafuu na nyumba nusu. Kikadi cha 2,500 kingeokoa yote hiyo mwanzo kabisa, siku ya mkanda wa jeshi.

kipanga_jangombe:
Leo nimekosa utani.

skuli_ya_afya_Mbweni:
Nimefuata uzi huu tangu jana, mie niko masomoni, na naona baba Nasra, Bi Shuu na mkarafuu mnasema kitu kimoja bila kujua.

Kuna njia mbili. Ya Marekani, 2006 kituo chao cha kudhibiti maradhi, CDC, kilisema kila mtu wa miaka 13 mpaka 64 akiingia spitali apimwe kama anavyopimwa presha, aambiwe, na akitaka akatae. Wakaondoa ile karatasi ya kusaini peke yake na yale mazungumzo marefu kabla ya kipimo kwa sababu yale ndo yalokuwa yanakula muda na muda ni pesa. Lakini hata wao wakaweka mpaka: kama pahala unapima na hupati mgonjwa mpya angalau 1 kwa kila watu 1,000, huna haja ya kuendelea kupima kila anaeingia. Kule hesabu inawakubalia kirahisi kwa sababu kumtibu mtu alochelewa kwao ni bei ya kutisha.

Mwaka 2007 WHO nao wakatoa wao wa kidunia na wakagawa. Pale ugonjwa uliposambaa kwa watu wote, muanze kila mgonjwa. Pale ulipo kwa wachache kama kwetu, usimuanze kila mwenye jino bovu, muanze mwenye dalili, mwenye kifua kikuu, mwenye maradhi ya zinaa, mjamzito, na walo kwenye hatari zaidi. Ngiri ya baba Nasra haimo humo. Mkanda wa jeshi wa ami yake mkarafuu umo tena juu kabisa. Na mambo yakawa kinyume, ngiri ikapimwa kwa sababu inalipa, mkanda wa jeshi haukupimwa kwa sababu ya haya.

Sasa hesabu yetu kwa mtindo wa Labu. Kwa 0.4 unapima 250 kumpata mmoja, vikadi peke yake 625,000. Lakini wengi wa hao wameshajijua na wako kwenye dawa. Tuseme robo tatu wanajijua, basi kumpata MPYA mmoja unapima elfu moja, shilingi milioni mbili na nusu na hujamlipa mtu mshahara. Dawa za mtu mmoja mwaka mzima, kile kidonge kimoja cha siku, ni chini ya dola 50. Maana yake pesa ya kumtafuta mmoja sokoni inaweza kumtibu mtu miaka ishirini. Kwa hiyo lazma uchague pa kutafuta.

Sauti_ya_Micheweni:
Na wapi pa kutafuta? Maana mkisema "walo kwenye hatari" mnamaanisha walevi wa unga na kina fulani, mnawapa vitu vya bure wanaendelea.

mtaa_wa_pili_KC:
Sauti mie ni mmoja wa hao unaowasema, nilikuwa. Sasa nina miaka sita safi, alhamdulillah, na ninakunywa methadoni, dawa ya kutuachisha unga, spitali ya Kidongo Chekundu, imeanza pale 2015. Nakujibu bila ugomvi.

Uchunguzi walofanya Unguja 2012, katika sisi tulokuwa tunajidunga zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa na virusi. Kumi! skuli_ya_afya kasema kwa watu wa sokoni unapima 250, kwetu ulikuwa unapima kama tisa hivi unampata. Vikadi tisa. Hesabu ya wapi pa kutafuta imeshajibiwa. Lakini mimi nilikuwa sendi kituoni hata niwe nakufa, kwa sababu nikiingia tu walinzi wananiangalia mfuko, wanadhani nimekuja kuiba koki ya maji. Kipimo ni bure na mlango ni ghali. Kilichonileta ni wenzetu walokuwa wanakuja maskani kutufuata, jioni, na boksi lao, wanakaa chini na sisi, wanatobolea pale pale. Wale walikuwa wanalipwa posho na mradi. Na sisi tulikuwa na wake na wachumba huko majumbani, Sauti, watoto wa watu ambao hawajawahi kushika sindano. Ukitukosa sisi hukukosa sisi tu.

nesi_mstaafu_Mwera:
Mashaallah, Mungu akuthibitishe mwanangu.

Labu_Wete:
Na hiyo posho ndo pamekatika. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada yao ya maendeleo ya nje siku 90, na mfuko wao wa ukimwi ulioanza 2003 ndo ulokuwa unabeba sehemu kubwa ya mambo haya Tanzania. Dawa zikaachiwa ziendelee kwa ruhusa maalum, lakini watu! Mshauri, mtembeza boksi la maskani, kijana wa kuingiza data, wengi walikuwa kwenye mikataba ya miradi. Shemegi yangu bara alipata meseji ya kusimama kazi usiku. Kikadi kimo kabatini, wa kukishika hayupo. Kwa hiyo tukizungumza gharama sasa hivi si suali la nadharia, serikali yetu lazma ijibebee, na ikijibebea itabana, na ikibana naogopa itabana pale pale maskani na kwa washauri, kikadi kitabaki kwa sababu kikadi kinahesabika kwenye ripoti.

umm_kulthum_Tomondo:
Jamani na kupima kabla ya nikah je? Mwanangu anaolewa mwezi ujao, imamu wetu anataka karatasi za wote wawili. Kituo cha serikali walipima bure lakini karatasi yenye muhuri wakatwambia hawatoi, majibu ni ya mtu si ya imamu. Tukenda binafsi tukalipa wawili 40,000 kwa ajili ya muhuri tu.

Labu_Wete:
Bi mkubwa, muhuri ndo kipimo ghali kuliko vyote nilivyowahi kuona maabara. Waende wote wawili pamoja kituoni waingie chumba kimoja wasomewe pamoja, wakitoka kila mmoja ameshajua. Imamu atosheke na neno lao.

umm_kulthum_Tomondo:
Imamu ni kaka yangu, ntamueleza mwenyewe 😅

BabaNasra_Mjini:
Nimerudi. Leo nimetolewa nyuzi, na nikafanya mlivyonifundisha. Nikaomba kuonana na mwenye dhamana, nikamuuliza kwa adabu tu, hiki kipimo mlininunulia nyinyi au ni cha programu? Kakaa kimya. Nikamuuliza fomu ya ridhaa iko wapi. Wakaitafuta, ile fomu ya upasuaji nimesaini kweli, imeandikwa "na vipimo vingine vitakavyohitajika". Ndo hivyo, niliridhia bila kujijua, kwa Kizungu, nimelala kitandani na ngiri inaniuma.

Nikamwambia mie 15,000 sizitaki, ziwe sadaka. Nnachotaka ni mambo mawili, mtu auliwe, astaghfirullah simu hii, AULIZWE kwa Kiswahili, na majibu yasitolewe kaunta. Akaandika kwenye daftari. Kanambia atalifikisha kwa mkurugenzi, mkurugenzi yuko safari.

Nikiwa natoka kijana yule yule wa kaunta akaniita mzee, mzee, nikarudi nikidhani wananirejeshea pesa. Kumbe nimesahau risiti ya kutolewa nyuzi, 5,000.

kipanga_jangombe:
Isome mstari kwa mstari kabla hujamuonesha mama Nasra.